Ukienda Guangzhou: tofu ya kununua, pa kuinunua, na ya kuiacha palepale

Wafanyabiashara wetu wa Mombasa wanaijua Guangzhou kuliko wanavyoijua Kisumu. Muulize yeyote mwenye duka la jumla pale Biashara Street: atakwambia jengo gani lina viatu vya watoto, ghorofa gani ina mapazia, na mzigo wafaa kupita kwa ajenti yupi ili ufike Kilindini kabla ya Ramadhani. Lakini muulize siku zote hizo alikuwa akila nini. Hapo utaona anacheka, kisha anaanza kuhesabu: Indomie, mkate, mayai ya kuchemsha, na tende alizotoka nazo nyumbani.

Mimi nimekwenda Guangzhou mara mbili nikifuatana na shemeji yangu, ambaye biashara yake ni vyombo vya nyumbani. Katika safari ya pili tulikuwa na mzee mmoja wa kwetu mwenye maradhi ya sukari. Kwa kuogopa haramu (na ni hofu ya haki, hapana wa kumlaumu) alikaa siku kumi akila tambi za pakiti na mkate mweupe, asubuhi na jioni. Mwenye sukari kukaa siku kumi kwa wanga mtupu ni jambo la hatari, na yeye mwenyewe alikuwa akiziona namba kwenye kile kipimo chake kila asubuhi. Na huku chini ya hoteli, hatua kama mia mbili, palikuwa na soko lenye chakula cha maharagwe kisicho na nyama ndani yake, cha bei nafuu, kinachoshibisha, na ambacho angeweza kukila bila wasiwasi kama angejua akichague vipi.

Chakula chenyewe ni tofu. Nimeulizwa mambo yake na watu wengi tangu turudi, na kwa kuwa msimu wa maonyesho ya Canton huja mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na watu wetu huanza kukata tiketi mapema, naona ni bora niyaandike mara moja.

Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa. Maharagwe ya soya hurowekwa usiku kucha, husagwa pamoja na maji, huchujwa kama vile tunavyochuja tui, halafu yale maziwa huchemshwa. Yakishachemka hutiwa kitu cha kuyagandisha, yakawa mabonge kama maziwa yaliyokatika, na mabonge yale yakikandamizwa ndani ya kitambaa hutoa kipande cheupe. Ukikikandamiza kidogo unapata tofu laini, ukikikandamiza sana unapata ngumu. Wachina husimulia kwamba aliyeianzisha ni mwana wa mfalme aitwaye Liu An, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Hiyo ni hadithi yao, tuiache kwao.

Swali la kwanza la Muislamu ni hicho kigandishi. Kwenye jibini tumezoea kuuliza, kwa sababu baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Kwenye tofu hakuna kitu hicho. Kusini mwa China, ambako ndiko Guangzhou ilipo, kigandishi cha kawaida ni jasi, yaani jipsamu, madini yale yale tunayoyajua kwenye dari, lakini iliyosafishwa kwa ajili ya chakula. Kaskazini hutumia zaidi maji ya chumvi yanayobaki baada ya chumvi ya bahari kuganda. Zile tofu za viwandani zilizo laini kama malai hugandishwa kwa tindikali inayotokana na sukari ya glukosi. Vyote vitatu havina mnyama wala pombe. Kwa hivyo tofu nyeupe, tupu, isiyoguswa na kitu kingine, haina tatizo. Tatizo huja baada ya hapo: imejazwa nini, imekaangwa kwa mafuta gani, imevundikwa ndani ya nini.

Na sasa soko. Wengi wetu hulala Xiaobei au mitaa ya karibu, kwa sababu ndiko kwenye Waafrika, Waarabu, na Wachina Waislamu wa kabila la Hui. Nyuma yake, katika kitongoji cha Dengfeng, kuna mtaa mwembamba unaoitwa Baohan Zhijie, wenye msongamano kama wa Marikiti siku ya mkesha wa Idi. Huko na kwenye masoko mengine ya mitaani utakuta meza ya tofu, na utaitambua mara moja: mbao zilizopangwa, juu yake bamba kubwa jeupe lililokatwa miraba, na ndoo za maji pembeni. Mwenye meza hupima kwa jin, na jin moja ni nusu kilo kamili. Nenda asubuhi. Tofu ya mezani hutengenezwa alfajiri, na joto la Guangzhou miezi ya kiangazi ni kama letu la Machi, tena pengine limezidi kwa unyevu. Ikifika alasiri utaiona inateleza na ina harufu ya uchachu. Hiyo usichukue hata ukipunguziwa bei.

Kwenye meza hiyo, ile inayotikisika ukigusa ubao huitwa nen doufu au shui doufu. Ni laini, hufaa kwa supu, na ukiikoroga itavunjika. Ile iliyosimama imara ni lao doufu, na ndiyo ninayomshauri mtu wa kwetu aanze nayo, kwa sababu inakubali kukaangwa na kutiwa kwenye mchuzi kama samaki. Kwa mwenye kuhesabu lishe, ile laini huwa na protini ya kama gramu 5 hadi 7 katika gramu 100, na ngumu huanzia kama 8 na kupanda kutegemea maji yaliyokamuliwa. Wanga ndani yake ni mdogo sana. Huyu mzee wetu alihitaji hasa kitu cha namna hii.

Pembeni ya hizo mbili utaona vipande vidogo vya rangi ya kahawia, vikavu, vigumu kama jibini ya zamani. Hiyo ni doufu gan. Imekandamizwa mpaka maji yameisha, na mara nyingi imechemshwa kwenye mchuzi wa soya na viungo. Ni tamu, wallahi, na inakaa mkononi ukiwa unazunguka madukani. Lakini ile yenye viungo usiinunue mezani kwa mtu usiyemjua, kwa sababu mchuzi uliochemshiwa huenda ndio huo huo uliochemshiwa miguu ya nguruwe. Inunue ya pakiti, usome, au kwa Mhui.

Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoingia shimoni. Mkoa wa Guangdong una watu wa jamii ya Hakka, na chakula chao mashuhuri ni niang doufu: mraba wa tofu uliochimbwa katikati ukajazwa nyama ya kusaga. Nyama hiyo ni nguruwe. Huuzwa masokoni ikiwa tayari imejazwa, mbichi, imepangwa kwenye sinia karibu kabisa na tofu nyeupe, na asiyejua atadhani ni tofu iliyotiwa pilipili manga juu. Hupatikana pia imejazwa ndani ya ile tofu ya kukaanga. Ukiona kidoa chochote cha waridi au kijivu katikati ya tofu, pita. Wala usijipe moyo kwa sababu muuzaji amekwambia ni nyama tu. Kwa Mchina wa kawaida neno rou, yaani nyama, likitajwa peke yake bila jina la mnyama, humaanisha nguruwe. Hakudanganyi. Ndivyo lugha yake ilivyo.

Vivyo hivyo ile sahani iitwayo mapo tofu, nyekundu, ya pilipili, ambayo vijana wameiona kwenye simu wakaitamani. Asili yake ni Sichuan na hupikwa kwa nyama ya kusaga kidogo. Kwa mapishi ya zamani nyama hiyo ni ya ng'ombe, lakini kwenye hoteli nyingi za kawaida hutia nguruwe. Ukiitaka, kaile kwa Mhui.

Tofu ya kukaangwa, doufu pao, ni vile vibonge vya rangi ya dhahabu, vyepesi kama sifongo, vinavyonyonya mchuzi. Ndani ya mchuzi wa nazi havina mpinzani. Shaka yake ni mafuta. Wengi hukaanga kwa mafuta ya mimea, lakini mafuta ya nguruwe ni kitu cha kawaida jikoni mwa Wachina, na kwa kuiangalia tu hutajua. Ya pakiti kutoka supamaketi ina orodha ya vilivyomo, kwa sababu sheria ya China inalazimisha. Ya kwenye sinia haina orodha. Mimi hii hununua ya pakiti peke yake.

Supamaketi ziko tele: Hema, Walmart, AEON ya Wajapani, na nyingine za kichina mtaa kwa mtaa. Kwenye friji utaona tofu za kopo la plastiki lililofungwa kwa karatasi ya juu. Hizo nyeupe ndizo rahisi kuliko zote kwa mgeni, kwa sababu orodha yake ni fupi: maji, soya, kigandishi. Ukiona orodha imekuwa ndefu kama ya sabuni, simama uulize.

Na majina yatakuzuga. Kuna kitu hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki mrefu kama soseji, wao huita yuzi doufu au tofu ya Japani. Hakina soya hata chembe, ni yai. Ni halali, lakini mwenye kudhurika na mayai ajihadhari. Kuna yu doufu, tofu ya samaki, ambayo ni samaki aliyesagwa na kuchanganywa na wanga, na baadhi ya viwanda hutia humo mafuta ya nguruwe ili iwe laini. Kuna na qianye doufu, yenye matundu mengi kama kitambaa cha lesi, iliyotengenezwa kwa protini ya soya, wanga na mafuta, na pengine ute wa yai. Zote tatu huitwa tofu, na hakuna hata moja iliyo tofu ya maana niliyoieleza hapo juu.

Kusoma pakiti si lazima ujue Kichina. Jifunze herufi chache tu, uzipige picha kwenye simu kabla hujapanda ndege. 豆腐 ni tofu. 猪 ni nguruwe, na ikifuatwa na 油 ni mafuta yake. 酒 ni pombe ya aina yoyote. 清真, inayosomwa qingzhen, ndiyo alama ya chakula cha Waislamu, na mara nyingi huandikwa kwa rangi ya kijani, pengine na Kiarabu juu yake. Programu za Google hazifanyi kazi kule kwa kawaida, kwa hivyo usitegemee ile ya kutafsiri uliyoizoea. WeChat, ambayo utaihitaji tu kwa kuongea na wenye viwanda, ina sehemu ya kutafsiri maandishi kwa kamera na inatosha. Kwa mdomo, sema wo shi musilin, mimi ni Muislamu, kisha uulize you mei you zhurou, ina nguruwe au haina. Wauzaji wengi wakisikia neno musilin hukuelewa papo hapo na hukurudishia mkono kukuzuia usichukue kisichokufaa. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja na lilinifurahisha.

Pombe ndiyo mtihani wa mwisho, na umejificha zaidi kuliko nguruwe. Kuna tofu inayovundikwa, furu, vipande vidogo ndani ya chupa yenye maji ya rangi nyeupe au nyekundu. Watu wa Guangzhou huipika na mboga ya majani yenye mashina matupu ndani, na harufu yake hukufuata mpaka barabarani. Mtu hula akaambiwa ni mboga na tofu tu, kumbe furu ile kwa kawaida huvundikwa kwa mvinyo wa mchele au pombe kali. Mimi si sheikh, na suala la pombe iliyotiwa kwenye chakula nimemwachia mwenye elimu yake. Ninachokifanya ni kukujulisha kwamba imo, ili ukiagiza mboga peke yake useme bu yao furu, usinitilie furu, na bu yao jiu, usinitilie pombe. Ile nyingine inayonuka kabisa, chou doufu, huvundikwa ndani ya maji ambayo kila muuzaji ana siri yake, na wengine hutia humo nyama au uduvi, kisha hukaangwa. Mimi pua yangu ilishanifutia swali hilo kabla sijauliza.

Kama hutaki kupika wala kusoma pakiti, fuata Waislamu wenzako. Vihoteli vya tambi za Lanzhou vimetapakaa mji mzima, vingi vikiendeshwa na Waislamu wa mkoa wa Qinghai, na alama ya qingzhen iko juu ya mlango. Tambi za ng'ombe ndizo sifa yao, lakini angalia picha ukutani: mara nyingi kuna sahani ya doufu gan iliyokatwa nyembamba na kukorogwa na mafuta ya ufuta, na wengine hupika tofu ya mapo kwa nyama ya ng'ombe. Siku ya Ijumaa nenda ukasali msikiti wa Xianxian, karibu na bustani ya Yuexiu, penye kaburi ambalo Waislamu wa China wanasimulia kuwa ni la Sahaba Saad bin Abi Waqqas, ingawa wanahistoria wengi wanasema alizikwa Madina. Kwa miaka mingi nje ya msikiti ule baada ya swala pamekuwa kama soko dogo, nyama ya kondoo, mikate, na vyakula vya kila namna kwa mikono ya Waislamu. Msikiti wa Huaisheng nao, wenye mnara mweupe wa mita 36 hivi, uko katikati ya mji wa zamani, na mitaa yake inafaa kutembelewa kwa tumbo tupu.

Kuna na mikahawa ya mboga ya Mabudha, karibu na mahekalu kama Guangxiao, ambayo si mbali na Huaisheng. Haipiki nyama kabisa, na tofu yake hupikwa kwa namna ambazo sijaziona kwingine. Alama yao ni 素. Nguruwe huko huna wa kumwogopa, lakini swali la pombe ya kupikia liulize bado. Na usishangae ukipewa kitu kilichofanana na bata wa kuchoma, kwa ngozi yake na kila kitu. Ni ngozi ya maziwa ya soya iliyokunjwa.

Kwa mwenye kukodi chumba chenye jiko, neno moja juu ya vyombo. Sufuria uliyoikuta imepikiwa nini, Mungu ndiye ajuaye. Sufuria ya umeme ya mtu mmoja haizidi bei ya mlo wa hotelini, nunua yako. Lao doufu ya jin moja, nyanya mbili, kitunguu, tangawizi, bizari uliyotoka nayo nyumbani kwenye kijikaratasi, na wali. Watu wawili wanashiba. Ikibaki, iweke ndani ya maji safi kwenye friji, ubadilishe maji kila siku, na usiipitishe siku tatu.

Nimeiacha nyuma ile ninayoipenda mwenyewe, fuzhu. Maziwa ya soya yakichemka hufanya utando juu, kama maziwa ya ng'ombe. Utando huo huinuliwa, ukatundikwa, ukakauka ukawa vijiti vya rangi ya manjano vinavyofanana na tambi nene zilizojikunja. Orodha ya vilivyomo inapaswa kuwa soya na maji, basi. Utaipata kila supamaketi, na kwa jumla nenda Yide Lu, ule mtaa wa vyakula vikavu ambao watu wetu wanaujua kwa ajili ya vitu vya kuchezea watoto. Chagua yenye rangi ya manjano hafifu inayong'aa kidogo na inayovunjika kwa mlio. Iliyo nyeupe mno au yenye harufu ya mafuta ya zamani, iache.

Fuzhu haitaki friji na haina uzito. Iroweke kwenye maji baridi kwa saa nne au tano mpaka ilainike yote, maji ya moto huilainisha nje ikabaki ngumu ndani. Ikate vipande vya kidole. Mke wangu aliipika mara ya kwanza kama kuku wa kupaka: tui zito, ndimu, bizari, pilipili mbuzi moja nzima, na akaiacha motoni mpaka tui likaishika. Watoto walimaliza kabla ya kuuliza ni nini.